Fiji kwa kupima doa la FRAP: duara nililochora silo doa nililopata

Nina miezi minane na Fiji, programu ya kuchambua picha za hadubini, kwa kazi moja tu: kujua ukubwa halisi wa doa ninalolififisha kwa leza kwenye hadubini ya konfokali. Hiyo ndiyo FRAP: unafifisha mng'ao wa protini sehemu moja ya seli, kisha unapima unavyorejea ili ujue protini zinatembea kwa kasi gani. Programu ni ya bure, na kwa kazi hii sijaona sababu ya kulipia nyingine.

Kabla ya hapo niliiamini programu iliyokuja na hadubini. Unachora duara, leza inafifisha, unapewa kasi ya mtawanyiko wa protini, unaenda kunywa chai. Kumbe yenyewe inachukua nusu kipenyo cha duara ulilochora, basi. Langu lilikuwa na nusu kipenyo cha mikromita 1. Nilipopima doa lenyewe kwenye picha ya kwanza baada ya leza, nikakuta 2. Mwali wa leza una upana wake, na protini hazikungoji umalize: zilizofifia zinatoka, zenye mng'ao zinaingia, kingo zinalegea. Kanuni ya watafiti Kang na wenzake ya 2012 ya kukokotoa kasi hiyo inajumlisha mraba wa nusu kipenyo ulichochora na mraba wa kile ulichopima, kisha inagawa kwa mara 8 ya muda ambao nusu ya mng'ao hurejea. Kwangu 1 + 1 ikawa 1 + 4. Jibu likapanda mara mbili na nusu, na grafu za wiki tatu zikaenda na maji.

Kwenye Fiji nagawa picha ya baada kwa picha ya kabla. Chagua biti 32, la sivyo desimali zinakatwa na utabaki unakodolea macho picha karibu nyeusi tupu. Napitisha mstari katikati ya doa, nabofya mara mbili kitufe chake ili niupanue hadi pikseli 5 (kelele zinapungua), nabonyeza K nipate grafu ya mng'ao kwenye mstari huo. Linatokea bonde. Namba zake nazipeleka kwenye zana ya kulinganisha mikunjo, nachagua Gauss, mkunjo wa umbo la kengele.

Hapa ndipo nilipojikwaa. Ile d unayopewa kwenye majibu ni sigma, kipimo cha upana wa mkunjo. Nusu kipenyo kinachotakiwa na kanuni ni d mara mbili. Siku nzima nilihangaika na madoa yaliyosinyaa kuliko duara lenyewe, jambo lisilowezekana.

Malalamiko yapo. Kunakili namba seli moja baada ya nyingine kunachosha. Kwa seli 40 niliishia kuandika makro, yaani maagizo ya kuifanya programu irudie kazi yenyewe. Faili likipoteza kipimo cha pikseli, Fiji inakuhesabia kwa pikseli bila kukushtua. Na doa likiwa pana sana, kitako cha bonde kinakuwa bapa na mkunjo wa Gauss haukai vizuri, hata uubembeleze vipi.

Siku hizi naanza na seli zilizokazwa kwa kemikali ya paraformaldehaidi, ambamo protini hazitembei. Humo nusu kipenyo cha doa kilitoka mikromita 1.3. Kilichobaki hadi 2 ni mwendo wa protini zenyewe, kwa hiyo nimepunguza muda wa kufifisha.