Merlot ya bei ya mwanachama: nimeinunua, nimeinywa

Merlot ni mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo hilo, na hii nimeipata kupitia klabu ya wanunuzi wa mvinyo. Klabu yenyewe ni ya mtengenezaji mdogo wa mvinyo mwenye chumba cha kuonjea Woodinville, jirani na Seattle. Mimi nipo Spokane, upande wa pili wa jimbo la Washington, kwa hiyo naletewa mzigo nyumbani. Kujiunga hakuna ada, ila unakatwa pesa mara mbili kwa mwaka na kutumiwa chupa walizochagua wao. Malipo ya uvumilivu huo ni punguzo la asilimia 20.

Safari hii walikuja na Merlot ya Columbia Valley, eneo la mizabibu mashariki ya jimbo letu: dola 34 kwa mnunuzi wa kawaida, dola 19 kwa mwanachama, mradi uchukue chupa sita. Punguzo likizidi mazoea, mimi huuliza lina nini. Nikapiga simu, nikajibiwa kwamba wanahitaji nafasi ghalani na kwamba Merlot inatoka polepole kuliko Cabernet, mvinyo mwekundu wa zabibu nyingine. Nimeamini. Miaka ya 1990 Wamarekani waliishangilia Merlot hadi ikajaa kila karamu, kisha wakaikinai. Sisi tusiofuata mkumbo ndio tunaokula faida, maana zabibu hiyo hiyo ndiyo inayotoa mvinyo wa Pomerol kule Bordeaux, Ufaransa, ambao baadhi ya chupa zake zinameza mshahara wa mtu. Na huku kwetu inastawi: mashariki ya milima ya Cascade ni nusu jangwa, mizabibu inamwagiliwa, jua la mchana ni kali na usiku baridi inashuka, hivyo zabibu zinaiva vizuri bila kupoteza uchachu.

Ukizibua tu, pua inapigwa na mbao na vanila ya pipa. Usiihukumu hapo. Mimina, iache kama saa moja. Zinakuja zambarau zilizoiva, zile zinazopaka ulimi rangi, na nyuma yake kaharufu ka kahawa. Ukakasi upo, lakini haukaushi mashavu. Kilevi ni asilimia 14.5, kimeandikwa pembeni ya lebo kwa tarakimu za kutafutwa kwa tochi, na glasi ya pili itakukumbusha. Halafu ipozeni, jamani! Huo mvinyo mwekundu wa "joto la chumba" ni wa nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, si wa sebule ya Julai. Nusu saa kwenye friji inatosha.

Kwenye pilau ya nyama ilinifurahisha mno. Mdalasini na karafuu zinaelewana nayo kama ndugu. Na mbuzi wa kuchoma pia ni nzuri, ila kachumbari yenye ndimu nyingi inaipotezea ladha. Samaki wa kupaka sishauri kabisa: pilipili na kile kilevi vinachoma koo pamoja.

Lawama yangu iko kwenye usafirishaji. Mzigo wa pombe lazima usainiwe na mtu mwenye miaka 21 au zaidi. Dereva alinikosa, nikiwa kazini, akaondoka nao ukazunguka garini kwenye joto. Ulipofika, chupa moja kizibo kilikuwa kimejisukuma juu, mvinyo umechuruzika hadi kwenye lebo, na ndani una ladha ya jemu iliyoungua. Niliwatumia picha, wakaleta nyingine bila ubishi, hilo nawapongeza. Ila usafiri ni dola 18, kwa hiyo chupa si dola 19 tena, ni 22. Bado ni rahisi kwa mvinyo wa kiwango hiki, lakini hiyo ndiyo bei halisi.

Anayekaa karibu na Woodinville akachukue mwenyewe. Wa mbali, ombeni mtumiwe Oktoba, joto likishapungua, na muandike anwani ya kazini. Na kama unanunua chupa moja kwa sikukuu, usijiunge kwa sababu ya Merlot hii: ile mizigo miwili ya lazima itakugharimu kuliko ulichookoa.