Akari 1A: Taa ya karatasi na mianzi, inastahili bei yake?

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina hili boksi bapa, na ndani yake mna taa nzima. Subirini niitoe. Naishika juu na chini, naivuta taratibu kama kodiani, mnasikia karatasi inavyolia? Napachika waya wa ndani wa kuitanua, naisimamisha kwenye miguu yake ya chuma, basi. Hii ndiyo Akari 1A, taa ndogo ya mezani, haifiki nusu mita kwenda juu.

Aliyeibuni ni Isamu Noguchi, mchonga sanamu wa Marekani, baba yake Mjapani, mama Mmarekani. Mwaka 1951 alikuwa safarini kwenda Hiroshima, akapitia Gifu, hukohuko Japani, kuwatazama wavuvi wa mto Nagara, wale wanaovua usiku kwa kutumia ndege mnandi. Gifu ni mji wa taa za karatasi tangu zamani, ila biashara ilikuwa imedorora, meya akamwomba awasaidie. Noguchi hakubadili ufundi. Alitoa mshumaa, akaweka balbu, na miaka iliyofuata akabuni maumbo zaidi ya 100 ya taa hizi, zote akiziita Akari. Karakana ya Ozeki, hukohuko Gifu, ndiyo inayozitengeneza mpaka leo.

Sasa sogeeni hapa, nawasha. Mnaona hizi mbavu? Ni ufito wa mwanzi uliochongwa mwembamba, ukazungushwa juu ya kalibu ya mbao. Karatasi ni washi, nyuzi za gome la ndani la mforosadi, ndiyo maana kwenye mwanga unaziona zimelala huku na huku. Inakatwa vipande virefu, gundi, inabandikwa kimoja kimoja. Ikishakauka, kalibu inafunguliwa kwa ndani na kutolewa vipandevipande kupitia tundu. Na huu mstari uliokolea kidogo, unashuka mpaka chini, ndipo kipande kimoja kilipopandiana na kingine. Wapo wanaorudisha taa dukani kwa sababu ya mstari huu. Jamani! Taa ya mkono lazima iwe nao.

Mwanga wake ndio unaoniuzia. Balbu huioni kabisa, hakuna doa kali katikati, chumba kinapata rangi ya jioni. Lakini si taa ya kusomea wala kushonea. Mkiitegemea peke yake sebuleni mtagongana na meza.

Vipi zile za duara za bei rahisi, zenye waya badala ya mianzi? Tusidanganyane, nazo zinatoa mwanga mzuri. Ukiitundika darini juu, mgeni wako hatajua tofauti, na mimi nisingekulaumu. Tofauti inajitokeza taa ikiwa karibu na uso, pembeni ya kitanda au juu ya kabati fupi. Pale karatasi ya kiwandani inaonekana tambarare tu, haina cha kutazama.

Udhaifu wake mnaujua tayari: ni karatasi. Kidole cha mtoto kinaitoboa. Vumbi linakaa kwenye kila ubavu, na huwezi kupitisha kitambaa chenye maji. Tumia brashi laini, kavu. Miaka ikienda inageuka manjano kidogo, hilo mimi halinisumbui. Kwa mnaoishi Tanga, Mombasa, Unguja, iwekeni mbali na dirisha linaloingiza upepo wa chumvi, maana miguu ni chuma chembamba. Balbu iwe ya LED, yenye mwanga wa rangi ya joto, wa manjano kidogo, kama kelvini 2700. Nyeupe ya ofisini itaiharibu kabisa.

Na ndugu zangu mnaoagizia kwa jamaa aliyeko Japani, sikilizeni vizuri: kule umeme ni voliti 100, plagi ina ncha mbili bapa, na holda ya balbu ni ya skrubu saizi E26, siyo E27 tuliyoizoea. Ni afadhali uchukue toleo la Ulaya, linalouzwa na kampuni ya Vitra, la voliti 230. Hapo utahangaika na plagi tu.

Kama mfuko unaruhusu, anzeni na hii ndogo kabla ya kukimbilia yale maduara makubwa ya darini. Na kabla ya kutoa hela, tafuteni alama nyekundu ya jua na mwezi mchanga kwenye karatasi. Muuzaji akiwaambia ni Akari halisi na alama hiyo haipo, mrudishieni taa yake.