Njia za Kugharimia Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha, Kuanzia Iliyo Bora Hadi ya Kuepukwa

Anayeanza kuwekeza katika majengo aghalabu hutafuta nyumba kwanza, na akishaipenda ndipo huanza kuhangaikia fedha za kuinunua. Mwongozo huu unakwenda kinyume cha utaratibu huo, kwa kuwa mtu asiye na fedha taslimu za kutosha hununua mkopo kabla ya kununua nyumba, na mkopo usiofaa huweza kuigeuza nyumba nzuri kuwa mzigo wa miaka ishirini. Njia zilizoelezwa hapa nimezipanga kwa kipimo kimoja tu: nyumba ikikaa miezi minne bila mpangaji, mwenye nyumba ataumia kwa kiasi gani?

Tuanze na hesabu, kwa sarafu yoyote ile. Nyumba inauzwa 100,000. Mnunuzi anatoa kianzio cha 20,000 na kukopa 80,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, alipe kwa miaka 20. Rejesho lake la kila mwezi litakuwa 881 hivi. Nyumba hiyo inapangishwa kwa 900 kwa mwezi, na hapo ndipo wengi hufunga daftari wakiamini kwamba mpangaji ndiye atakayewalipia deni. Lakini kodi ya pango haifiki yote mfukoni. Ipo miezi ya kukaa tupu, upo ukarabati, ipo bima, kodi ya jengo na ujira wa msimamizi, na ni busara kutenga robo ya mapato kwa ajili ya hayo, au zaidi ikiwa jengo ni kuukuu. Inabaki 675, na mwenye nyumba analazimika kuongeza 206 kila mwezi kutoka katika mshahara wake ili aendelee kumiliki kitu alichodhani kinamlisha.

Chanzo cha pengo hilo ni rahisi kukiona. Mapato halisi ya mwaka ni 8,100, yaani asilimia 8.1 ya bei ya nyumba, ilhali deni linadai asilimia 12. Ili kodi ya pango itoshe kulipa rejesho katika mfano huu, kianzio kingepaswa kukaribia 39,000. Wapo watakaosema kwamba thamani ya nyumba itapanda na kufidia upungufu wote, na huenda wakawa sahihi. Hata hivyo mkopo hukuza hasara kama unavyokuza faida. Bei ikipanda kwa asilimia 10, mtaji wa 20,000 unakuwa 30,000. Ikishuka kwa asilimia hizo hizo, nusu ya mtaji imetoweka na deni liko palepale.

Nafasi ya kwanza naipa nyumba yenye sehemu zaidi ya moja za kuishi, ambayo mnunuzi anakaa katika sehemu moja na kupangisha zilizobaki. Katika masoko mengi wakopeshaji humwamini zaidi anayenunua makazi yake kuliko anayenunua kwa ajili ya kupangisha, kwa sababu mtu akibanwa huacha kulipia paa la wenzake kabla ya kuacha kulipia lake. Imani hiyo humletea kianzio kidogo na riba nafuu. Aidha, kodi aliyokuwa akimlipa mwenye nyumba wake wa zamani sasa inabaki mikononi mwake, kwa hiyo hata sehemu ya pili ikikaa tupu kwa miezi minne, bado analipia mahali anapolala. Ubaya wake ni wa kibinadamu zaidi kuliko wa kifedha: si kila mtu anayeweza kumdai kodi mtu anayesalimiana naye kila asubuhi.

Ya pili ni mkopo wa chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Vyama vingi vya aina hiyo hukopesha kwa kuzidisha akiba ya mwanachama, mara mbili au tatu, na hivyo humlazimisha mkopaji kujenga nidhamu ya kuweka kabla hajashika deni. Kiasi kinachopatikana kwa kawaida hakitoshi kununua nyumba nzima, ila kinatosha kuongeza vyumba katika kiwanja ulichonacho au kukamilisha jengo lililokwama. Kumbuka tu kwamba wadhamini wako ni wanachama wenzako, na ukishindwa kulipa, akiba yao ndiyo itakayoguswa.

Mkopo wa benki kwa nyumba ya kupangisha unashika nafasi ya tatu, nao unastahili kusomwa polepole. Katika rejesho la kwanza la mfano wetu, 800 kati ya 881 ni riba, na deni lenyewe linapungua kwa 81 tu. Ndiyo maana anayeuza nyumba baada ya miaka michache hushangaa kukuta bado anadaiwa karibu kiasi kilekile. Kwa miaka 20 mkopo huo wa 80,000 unalipwa kwa jumla ya zaidi ya 211,000. Ukiufupisha uwe wa miaka 15, rejesho linapanda hadi 960 na jumla inashuka hadi 173,000 hivi: nyongeza ya 79 kwa mwezi inaokoa zaidi ya 38,000. Hata hivyo simshauri anayeanza kuchagua muda mfupi moja kwa moja. Ni afadhali achukue muda mrefu katika mkataba unaomruhusu kulipa ziada bila adhabu, kisha alipe kama kwamba muda ni mfupi. Mpangaji akiondoka, anarudi kwenye rejesho dogo bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa sababu hiyo, kifungu cha kwanza cha kukitafuta katika mkataba ni kile kinachohusu kulipa kabla ya wakati. Cha pili ni kile kinachoeleza kama riba inaweza kubadilika, inafuata kiwango gani, na kama ina ukomo wa kupanda.

Kwa wasiotaka kuingia katika riba, zipo benki zinazotoa musharaka inayopungua, ambapo benki na mteja hununua nyumba kwa pamoja, mteja akailipa benki kodi ya sehemu ya benki huku akiinunua sehemu hiyo kidogo kidogo. Gharama ya jumla huenda isiwe ndogo kuliko ya mkopo wa kawaida, kwa hiyo hesabu ya pango na rejesho inabaki kuwa ileile.

Ya nne ni kukubaliana na muuzaji alipwe kwa awamu. Masharti huwa laini na makaratasi machache, na ulaini huo ndio unaonitia shaka. Mara nyingi hati miliki hubaki kwa jina la muuzaji hadi awamu ya mwisho, na kama yeye mwenyewe aliiweka nyumba rehani, anayemdai anaweza kuipeleka mnadani wakati wewe umeshalipa zaidi ya nusu. Usilipe awamu ya kwanza kabla wakili wako, si wa muuzaji, hajapekua rekodi za ardhi na kuona kwamba hakuna deni wala zuio, na kabla mkataba wenyewe haujasajiliwa pale sheria inaporuhusu.

Ubia na ndugu au rafiki naupa nafasi ya tano. Unagawa hasara, lakini ni wachache wanaoandika mapema jinsi mmoja atakavyotoka na nani atakayepanga bei ya sehemu yake.

Ya mwisho, na ya kuepukwa, ni mkopo binafsi wa muda mfupi, hasa unaotozwa riba juu ya kiasi cha awali badala ya salio linalopungua. Mkopo wa 10,000 kwa asilimia 12 kwa miaka 5 ukihesabiwa kwa salio linalopungua una riba ya jumla ya 3,350 hivi. Ukihesabiwa kwa kiasi cha awali, riba ni 6,000, sawa na zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka katika hesabu ya salio linalopungua. Tangazo la mikopo yote miwili litaandikwa asilimia 12. Wengi huutumia mkopo wa namna hii kupata kianzio, na hivyo hujikuta na marejesho mawili juu ya nyumba moja.

Ipo pia mifuko ya uwekezaji katika milki, ambayo kwa kawaida humiliki majengo mengi ya kupangisha na hisa zake huuzwa sokoni. Ilianzishwa kisheria Marekani mwaka 1960, na huko hulazimika kuwagawia wanahisa angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi. Kwa kipimo changu ingezishinda njia zote, maana mpangaji mmoja akiondoka mwanahisa hata hajui. Sikuiweka katika orodha kwa kuwa si njia ya kununua nyumba, ila ni mahali pazuri pa kuanzia kwa ambaye kianzio chake bado hakijatimia.

Na kianzio hakitimii mapema kama inavyodhaniwa. Juu yake kuna ada za wakili, mthamini na uhamisho wa hati, kisha akiba ya marejesho ya miezi minne, ambayo katika mfano wetu ni 3,524. Kwa hiyo mwenye 20,000 taslimu, ikiwa mkopeshaji anataka asilimia 20, atafute nyumba isiyozidi 75,000: atatoa 15,000, na 5,000 zitakazobaki zitagawanywa kati ya ada na akiba ya miezi ambayo nyumba itakaa tupu.