Kozi ya video ya insha za uchambuzi wa fasihi: nimeimaliza, maoni yangu haya hapa

Naipa nyota nne kati ya tano, ile moja niliyokata ntaisema huko chini.

Shida yangu ilikuwa hii, kila insha ya fasihi niliyopeleka ilikuwa inarudi na wino mwekundu, "umesimulia, hujachambua", na mimi nabaki najiuliza kwani tofauti iko wapi, si nimesoma kitabu chote na nimeeleza kila kilichotokea? Ndo nikajiunga na hii kozi, video tisa fupi fupi na mazoezi.

Mbili za mwanzo ruka tu, ni fani na maudhui, sijui tashbihi na sitiari, vitu tulishakariri.

Ya tatu sasa, ya hoja kuu, hiyo ndo ilinizindua. Mwalimu ana kihadithi cha ukurasa mmoja, mama anafunga mlango kila jioni, mtoto yuko ndani anasikiliza kufuli. Anaandika ubaoni "Hadithi hii inahusu woga", halafu anauliza, nani atakubishia hapo? Hakuna. Basi hiyo ni mada, bado sio hoja. Anafuta, anaandika "Mwandishi anautumia mlango kuonyesha kwamba ulinzi wa mama umegeuka kifungo cha mtoto". Hapo mtu anaweza kukubishia, akasema hapana bwana mama anampenda tu mwanae, kwa hiyo inabidi uthibitishe, na huko kuthibitisha ndo insha yenyewe. Nimeirudia hiyo video mara tatu.

Kwenye aya ndo nilijicheka. Mimi nilikuwa napachika nukuu ya mistari mitano halafu nahamia aya nyingine, kama vile nukuu itajieleza yenyewe. Yeye anachukua maneno mawili tu, "kufuli likalia", anakaa nayo: kengele inalia na mtu pia analia, neno linaenda pande zote mbili, na humo ndani mtoto mwenyewe hatoi hata sauti, yaani kufuli ndo linalia kwa niaba yake. Aya nzima kutoka maneno mawili! Na muda wote anairudisha kwenye ile hoja ya kifungo, haachi izurure.

Utangulizi hakuna mengi, taja kazi, mwandishi na hoja yako, achana na mambo ya "tangu enzi za mababu". Anashauri uuandike mwisho, mimi hilo limenishinda.

Haya, ile nyota. Wameng'ang'ania aya tano, utangulizi, hoja tatu, hitimisho, hata kama una hoja mbili tu za maana. Nikalazimisha ya tatu, nikaandika eti rangi ya pazia inaashiria huzuni, wakati pazia lenyewe limetajwa mara moja tu tena kwa kupita. Na ile huduma yao ya kusahihisha nimesubiri siku 12 nikaletewa "kazi nzuri, endelea". Niendelee na nini sasa?

Insha yangu iliyofuata haikuandikwa tena "umesimulia". Iliandikwa "hitimisho limerudia utangulizi neno kwa neno". Nikaenda kucheki, kumbe hitimisho liko kwenye video ya nane, na hiyo nilikuwa nimeiruka.