Kupunguza kasi ya kipanya juu na chini peke yake: uzoefu wangu na Raw Accel

Raw Accel ni programu ya bure ya Windows, na kwa kazi niliyoitafutia imenitosha. Nilitaka kipanya kiende taratibu kidogo juu na chini, huku kulia na kushoto pakibaki kama palivyo. Kero zake zipo, na moja inawahusu sana watu wa huku ambako umeme hukatika.

Kwenye gemu za kulenga kama Counter-Strike, adui wengi wanatokea usawa wa kichwa chako. Kulia na kushoto unazunguka duara zima, lakini juu na chini mwisho wako ni angani na miguuni. Mimi nachezea nyumbani, Chikongola, Mtwara mjini, na kwa joto la pwani mkono unalowa jasho hadi kipanya kinanata kwenye pedi. Nikigeuka ghafla kumkabili mtu wa pembeni, kiganja hakiendi mstari mnyoofu, kinachora upinde, na alama ya kulengea inapita juu ya kichwa chake. Risasi inakwenda ukutani, yeye hakosei.

Kabla hujapakua chochote, angalia gemu yako kwanza. Rainbow Six Siege ina setingi mbili tofauti, ya mlalo na ya wima. PUBG ya kompyuta nayo ina kizidishi cha wima. Kwenye Counter-Strike 1.6, ambayo bado ndiyo inayokubali mashine zetu nyingi za zamani, unafungua konsoli, yaani dirisha la kuandikia amri ndani ya gemu: m_yaw ni ya kulia na kushoto, m_pitch ni ya juu na chini, na zote huja na 0.022. Ukiandika m_pitch 0.0165 umebakiza robo tatu ya mwendo wa wima. Kwa DPI 800 (hatua ambazo kipanya kinahesabu kwa kila inchi) na sensitiviti 2 (kasi unayoweka ndani ya gemu), kuzunguka duara zima kunahitaji sentimita 26 za meza. Kutoka kutazama chini kabisa hadi juu kabisa ilikuwa karibu sentimita 13, na kwa robo tatu inakuwa kama 17. Hapo ndipo mkono unapopata nafasi ya kukosea kidogo bila kuadhibiwa.

Raw Accel inakuja pale ambapo gemu haina setingi hiyo, au unapotaka gemu zako zote ziwe na uwiano mmoja. Kuiweka si kazi: unapakua, unaendesha kisakinishi, unawasha kompyuta upya. Ukurasa wake una grafu na namba nyingi za watu wanaotaka kasi ya kipanya iongezeke kadiri mkono unavyokwenda haraka. Zipuuze. Nenda kwenye uwiano wa Y (juu na chini) kwa X (kulia na kushoto), badala ya 1 weka 0.75, thibitisha. Kila ukithibitisha inakuchelewesha sekunde moja, na hiyo imewekwa makusudi ili mtu asiwe anabadilisha kasi katikati ya mapambano.

Sasa kero. Hii ni dereva, yaani programu inayokaa kati ya kipanya na Windows, kwa hiyo inagusa kompyuta nzima. Dada yangu huandikia hesabu zake za korosho kwenye mashine hiyo hiyo, na siku aliyoikuta hivyo aliniita: "Mdogo wangu, kipanya umekifanya nini? Kinapanda kama kinasukumwa!" Ikabidi niwe narudisha 1 kila nikimaliza kucheza.

Halafu umeme. Mashine ikizimika, dereva hailishikilii ulilolijaza. Ikiwaka tena uwiano umerudi 1 mpaka ufungue programu na kuandika upya, au uweke njia ya mkato ijiandikie yenyewe Windows inapoanza. Weka hiyo njia ya mkato mapema, maana kuingia kwenye mechi na kipanya chenye tabia ya zamani ni kujitafutia matusi ya timu.

Kuna pia suala la kwenda kimshazari. Kwa 0.75, ukisukuma mkono kwa nyuzi 45, alama inakwenda kwa nyuzi 37 hivi. Mwanzoni nilipomfuata mtu anayeruka kutoka kwenye boksi nilikuwa namkosa kwa juu. Mkono huzoea, ila siku za mwanzo zinakera.

La mwisho ni teke la bunduki. AK-47 ikimimina risasi mdomo unapanda, na wewe unauvuta chini. Kwa 0.75 lazima uvute theluthi moja zaidi ya zamani, na pedi yangu ni fupi. Ndiyo maana nimepandisha hadi 0.85: kugeuka kumebaki kumetulia, na AK bado inazuilika. Anayependa AWP, bunduki ya mdunguzi ya risasi moja moja, anaweza kubaki na 0.75, kwa sababu yeye hana mmimino wa kuvuta chini.