Muziki wa pikipiki: spika na waya kwanza, wati baadaye

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo ya kuangalia mwisho. "Wati 1000" kwa kawaida ni nguvu ya kilele, ambayo kifaa huifikia kwa kitambo kidogo tu. Tafuta wati za RMS, zile ambazo kifaa kinazimudu mfululizo. Zisipoandikwa popote, kiache dukani.

Kisha hesabu umeme wako. Pikipiki ndogo huzalisha umeme wa kutosha taa, plagi na betri, na ziada ni kidogo. Amplifaya ya wati 50 kwa kila spika, ikiwa na spika mbili na sauti imefunguliwa hadi mwisho, inaweza kuvuta karibu ampea 9. Fundi akupimie kwa mita injini ikiwa inazunguka na taa zimewashwa. Betri ikisoma chini ya volti 12.8, inatoa umeme badala ya kupokea, na hapo hakuna muziki wa kuongeza.

Chaguo langu la kwanza ni amplifaya ndogo ya Klasi D yenye Bluetooth, pamoja na spika mbili zinazojitegemea. Klasi D hupeleka sehemu kubwa ya umeme kwenye spika, wakati Klasi AB hupoteza mwingi kama joto, na chini ya siti hakuna hewa ya kulipoza. Fedha nyingi ziende kwenye spika. Soma desibeli zake (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 kwa mita 1: spika ya desibeli 93 inahitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ya desibeli 90 ili itoe sauti ileile. Kwa mwenye pikipiki ndogo, hizo desibeli 3 zina thamani kuliko amplifaya kubwa zaidi. Hakikisha pia omu za spika, yaani ukinzani wake kwa umeme, zinakubalika kwa amplifaya. Amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 4 ikifungwa spika za omu 2 itachemka.

La pili ni spika za usukani zenye amplifaya ndani yake. Ufungaji ni mwepesi na nyaya ni chache. Besi ni hafifu, na ukikimbia upepo unaimeza sauti, lakini kwa safari za mwendo wa polepole zinatosha kabisa.

Redio ya gari naiweka mwisho. Haikutengenezwa kwa mvua, vumbi wala mtikisiko, na sikushauri uinunue hata ikiwa rahisi.

Kuhusu maji, soma alama ya IP, inayoonyesha kifaa kinavyozuia vumbi na maji: chenye IP65 huhimili maji yanayorushwa kwa mpira, na chenye IP67 huhimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Koni ya spika iliyo ya plastiki huvumilia unyevu kuliko ya karatasi.

Waya usiufanyie ubahili. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba. Kwangua ncha, ukiona weupe ndani, rudisha, kwa sababu alumini hupitisha umeme kwa ugumu zaidi kuliko shaba. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, ili waya ukichunika popote mbele yake fyuzi ikatike kabla ya moto. Ongeza rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayowashwa na ufunguo, amplifaya isije ikanyonya betri usiku kucha. Ethi ifungwe moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri; ikifungwa kwenye chuma chenye rangi au kutu, mara nyingi spika huvuma kwa kufuata mzunguko wa injini.