Mpako wa sehemu zinazoteleza: ununue upi, uache upi

Droo inayogoma kufunguka, dirisha la mbao linalolia kila likisukumwa, mlango wa kabati uliokwaruza fremu mpaka mbao ikabaki uchi: zote zinaugua ugonjwa mmoja. Vitu viwili vinasuguana kila siku, na kinga iliyo kati yao, kama ipo, ilichaguliwa kana kwamba ni ya kitu kinachokaa tuli.

Kabla ya kufungua mkoba, elewa jambo moja. Watu wengi wakiingia dukani huomba mpako mgumu kuliko yote. Kwenye sehemu inayoteleza, ugumu peke yake haudumu. Mbao huvimba hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa hewa ikikauka, na husogea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Mpako mgumu kama kioo hauwezi kuifuata. Hupata nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho, unyevu hupenya humo, halafu kila ukivuta droo kipande kinabanduka. Vile vipande vilivyobanduka vikibaki kwenye reli vinasaga kama msasa. Kwa hiyo unatafuta kitu kinachoshika vizuri, kinachonyumbulika kidogo, na ambacho macho hayakioni. Hakuna bidhaa iliyo bora kwa yote matatu, na ndiyo sababu mpangilio huu una nafasi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kwa mbao zinazoonekana, nafasi ya kwanza naipa poliyurethani ya maji, yaani vanishi ya plastiki, iliyotengenezewa sakafu. Neno sakafu kwenye kopo ni la kulitafuta, kwa sababu mpako wa sakafu umeundwa kuvumilia kukanyagwa na kukwaruzwa, ilhali wa mapambo ya ukutani haujui shida hiyo. Ndani ya kopo inaonekana kama maziwa; usiogope, ikikauka inakuwa angavu na haigeuki njano haraka kama ile ya mafuta. Brashi inasafishwa kwa maji. Piga mikono mitatu myembamba, yaani tabaka tatu, na kati ya mkono na mkono pitisha msasa laini, namba 220 au 320, kisha futa vumbi lote. Ukipenda sura isiyong'aa, mikono ya chini iwe ya ile inayong'aa, na wa mwisho pekee uwe wa isiyong'aa. Unga unaozima mng'aro huleta ukungu ukirundikwa, na kwenye mbao nyeusi ukungu huo unaonekana wazi.

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika: kukauka si kukomaa. Baada ya saa mbili tatu mpako haushiki tena kidole, lakini ndani bado ni mbichi, na unaweza kuhitaji wiki mbili hadi nne ukomae kabisa. Niliwahi kupaka droo zote pamoja na reli zake, nikazirudisha kesho yake kwa sababu zilionekana kavu. Baada ya wiki moja mpako wa droo na wa reli ulikuwa umegandana, na nilipovuta kwa nguvu uling'oka ukaondoka na nyuzi za mbao. Nilirudia kazi yote kuanzia kwenye msasa. Tangu hapo napaka upande mmoja tu wa kila pea inayosuguana, na upande wa pili naupaka nta peke yake.

Nta si mshindani wa mpako; ni mwenzake. Mshumaa wa kawaida wa parafini, ukisuguliwa kwenye ukingo wa droo, unafanya kazi nzuri kuliko bidhaa nyingi zenye maandishi makubwa. Nta ya nyuki inanukia vizuri, ila ni laini na hunata kidogo, kwa hiyo kwa utelezi naiweka nyuma ya parafini. Kumbuka tu kwamba nta huja mwisho kabisa. Ukishaipaka, hakuna vanishi itakayoshika juu yake mpaka uisafishe yote.

Nafasi ya pili, na kwa reli zilizofichika ningeipandisha iwe ya kwanza, ni utepe wa polietilini yenye molekuli ndefu mno, ule ambao hutambulishwa kwa herufi UHMW. Una rangi ya maziwa, hivyo uwazi wake si kamili, lakini chini ya droo nani anaangalia? Hubandikwa kwa gundi yake yenyewe, na kwa kawaida unene wake ni kama robo milimita au chini ya hapo. Mbao kavu ikisugua mbao, kipimo cha msuguano huwa takriban 0.25 hadi 0.5, kwa plastiki hii kinashuka hadi karibu 0.1 au 0.2.

Lipo jambo linalonifanya niiamini kuliko Teflon, ile plastiki ya vikaango visivyonata, ambayo kwa utelezi mtupu inaishinda. Daktari wa upasuaji John Charnley wa Uingereza alipokuwa akitengeneza nyonga bandia, alianza na Teflon mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa laini ajabu, lakini ndani ya miili ya wagonjwa ililika upesi mno. Mwaka 1962 akaibadilisha kwa polietilini ya aina hiihii, na nyonga zikaanza kudumu miaka mingi. Kiungo cha mwili na droo ni vitu tofauti, lakini fizikia ya kusuguana ni moja: kinachoteleza kuliko vyote si lazima kidumu kuliko vyote. Teflon pia husogea taratibu na kubonyea chini ya mzigo, na rangi yake nyeupe haipitishi macho. Iweke kwenye kitu chepesi kisichobeba uzito.

Ya tatu ni poliyurethani ya mafuta. Ni imara na inanyumbulika vizuri, lakini inaleta rangi ya asali na huzidi kuiva kadiri miaka inavyopita. Kwenye mbao nyekundu au ya kahawia rangi hiyo inapendeza. Kwenye mbao nyeupe inaiharibu. Harufu yake ni kali, na kukomaa kwake kunachukua takriban mwezi. Usiichanganye na vanishi ya boti. Ile hufanywa iwe laini makusudi ili ifuate mbao inayopigwa na jua na maji na kujipinda, na ulaini huohuo unaifanya inate kidogo ikibanwa. Nje kwenye kiti cha bustani, sawa. Kwenye reli ya dirisha, hapana.

Kama kinachoteleza ni chuma kilichopakwa rangi, au plastiki inayong'aa, acha makopo kabisa. Nunua karatasi angavu ya poliyurethani ya thermoplastiki, ile inayokinga rangi ya magari. Ni angavu kweli, inavutika, na ina unene wa karibu milimita 0.15 hadi 0.2. Udhaifu wake ni kingo. Kata pembe ziwe za mviringo, futa uso kwa spiriti kabla ya kubandika, na usiache ukingo mahali ambapo kitu kinachopita kitaukwangua.

Poliyurethani ya makopo mawili yanayochanganywa inadumu kuliko vanishi zote nilizotaja, na bado siiweki juu. Kigumishi chake kina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinaweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Mwachie fundi mwenye vifaa vya kupumulia vinavyofaa. Barakoa ya vumbi haitoshi. Epoksi ni ya mwisho kwa kazi hii: nyingi ni ngumu bila kunyumbulika, na jua huzigeuza njano. Dawa ya silikoni ya kupuliza siihesabu kabisa. Inateleza leo, inaisha, na mabaki yake yanafanya vanishi yoyote utakayopaka baadaye ijikusanye na kuacha vishimo.

Kabla ya kupaka kitu chenyewe, paka kipande cha bati jembamba, ukiache kikomae, kisha kikunje kwenye penseli. Mpako ukipasuka kwenye kona, utapasuka na kwenye mbao. Halafu pima nafasi. Mikono mitatu ya vanishi ikikauka hufikia takriban milimita 0.1, sawa na karatasi moja ya kuandikia. Ingiza karatasi kati ya droo na fremu yake, pande zote: kama haipiti, punguza mbao kwanza kwa msasa, maana hakuna mpako utakaoteleza mahali ambapo hata karatasi haipenyi.